Hatua Sitini Nilizoziandika Mimi

Habari za kifo cha Bi Rukia zilinifikia kwa ujumbe wa simu wenye makosa matatu ya herufi. Nilikuwa darasani kwangu hapa Kibondo, nikiwasimamia wanafunzi sita wanaoanza kujifunza kompyuta, na kitu cha kwanza nilichofanya, Mungu anisamehe, ni kuyasahihisha makosa yale kichwani kabla machozi hayajatoka. Yeye angenielewa, maana ndiye aliyenifanya niwe hivi. Nilipofika Kasulu maziko yalikuwa yameshapita. Nikavua viatu, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, nikapewa sahani ya wali na kikombe cha chai ya tangawizi, nikasikiliza. Kila mmoja alikuwa na lake. Huyu alipigwa rula kwenye vifundo vya vidole, yule alifukuzwa akarudi mara tatu. "Alikuwa mkali, lakini alikufundisha ukafundishika," alisema mama mmoja, na wote wakaitikia. Nilitaka kutoa langu nikashindwa. Langu halisimuliki msibani, kwa sababu ndani yake mwenye kosa ni mimi, na mtu wa mwisho niliyekuwa naweza kulizungumza naye ndiye huyo tuliyekuwa tunamlilia. Basi naliandika.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala baba yangu alikuwa mtu gani. Hayo yako kwenye cheti, anayeyataka akatazame huko. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Murungu, nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo sizitaji, na nimepelekwa Kasulu kukaa mwaka mmoja kwa Bi Rukia nijifunze kazi. Steshenari yake ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na kaunta ya mbao, mashine ya fotokopi iliyonuka moto kuanzia saa nne asubuhi, printa moja, na kompyuta mbili za kichogo ambazo kila jioni tulizifunika vitambaa vya kufuma. Cha nyuma kilikuwa stoo ya karatasi, na ndimo nilimolala, godoro langu katikati ya maboksi. Dirisha langu lilitazama uani, jikoni kwake. Bi Rukia alikuwa mtu wa Tanga. Aliletwa Kasulu na ndoa. Ndoa ikaondoka, yeye akabaki. Siku akipata nazi, duka zima lilinukia, na wateja waliokuja kutoa kopi moja walijikuta wanaulizia afya yake kwa kirefu. Siku nyingine zote tulikula ugali wa muhogo na maharage, naye akilalamika, "Nyie Waha, muhogo asubuhi, muhogo jioni, ati hamchoki?" huku sahani yake ikiisha kabla ya yangu.

Wiki sita za kwanza sikuandika neno hata moja lenye maana. Aliniweka vidole kwenye mstari wa katikati wa kibodi, akanishikisha vijinundu viwili vilivyoko kwenye F na J ili nijue nyumbani ni wapi bila kutazama, kisha akaitandaza khanga juu ya mikono yangu, ncha zake kazibana kwenye kompyuta. Chini ya khanga ile nilipiga asdf, asdf, mpaka usingizini vidole vikawa vinacheza. "Anayetazama vitufe haandiki," alisema, "anatafuta." Akaniamuru niwe na daftari la maneno, na kila neno la kompyuta nilieleze kwa maneno yangu mwenyewe, si kwa yale ya kitabu. Bado ninalikumbuka ukurasa kwa ukurasa. Enta: kushuka mstari. Bekispesi: kula herufi kwa kurudi nyuma. Kapsloki: kuandika kwa kupiga kelele. Kasa: kile kijiti kinachopepesa, hapo ndipo ulipo wewe, hata kama macho yako yako kwingine. Andu: kutengua ulichoharibu, maadamu hujafunga. Kusevu: kuiambia kompyuta isahau ya zamani ikumbuke hii. Bi Rukia alilisoma hilo la mwisho, akacheka, akasema nimelieleza vizuri kuliko yeye. Nilijisikia mkubwa siku nzima.

Lakini sheria yake kubwa haikuwamo daftarini. Ilihusu watu waliokuja kuandikiwa, yaani wale wasiojua kuandika, waliokaa kwenye stuli na kusema maneno yao nasi tukayapiga moja kwa moja. "Usisikilize habari," alinionya. "Sikiliza maneno. Ukianza kuifuata habari, utamhurumia, vidole vitasimama, naye atapotea." Alisema kweli. Nilijifunza kuyaacha maneno yapite kutoka sikioni hadi vidoleni bila kugusa popote katikati, na leo nikiwafundisha wengine ninawaambia kinyume chake, nao hunitazama wasielewe kwa nini sauti yangu imepanda. Desturi nyingine ya duka tuliiita kuvalisha. Barua yenye kichwa kizuri, kilichokaa katikati, herufi zimekolezwa, mstari umepita chini yake, haikuwa kazi ndogo kwa mwanafunzi. Kwa hiyo hatukuanza upya. Tulifungua barua ya mtu wa jana, tukamvua maneno yake, tukamvalisha mtu wa leo. Duka zima liliishi hivyo, na ndiyo maana barua za Kasulu nzima mwaka ule zilifanana. Sharti lilikuwa moja tu: kabla hujamvua mtu, bonyeza Sevu Azi, uipe barua jina jipya, ili ya zamani ibaki na mwenyewe.

Mama Goreti alikuja Alhamisi moja ya mvua kutoka Muyama, amemshika mkono mzee aliyetembea kwa fimbo. Alikuwa mjane wa miaka kama hamsini, mwembamba, amejifunga kitenge kifuani, na tope limemfika magotini. Shemeji yake, Ladislaus, alikuwa anamnyang'anya sehemu ya shamba. Ladislaus alidai kwamba mpaka uko hatua arobaini kutoka kwenye chemchemi. Ukipita hapo, kahawa yote na kaburi la marehemu mumewe Mama Goreti vinaangukia upande wake. Mpaka wa kweli ulikuwa mti, umuvumu mkubwa, ambao marehemu aliupanda akisaidiwa na mzee huyu, Bigirimana, aliyekuja nchi hii kutoka Burundi akiwa kijana na kupewa pa kulala kwa marehemu. Mti ulikatwa zamani, kabla hata Mama Goreti hajaolewa. Aliyejua uliposimama alikuwa mzee peke yake. Wazee wa baraza walikuwa wakae palepale shambani Jumatano inayofuata, na kwa sababu gari liliweza kumleta mzee mjini lakini miguu yake haikumfikisha tena kule mteremkoni, waliomba maelezo yake kwa karatasi, yenye dole gumba.

"Andika, mwana wanje," alisema Mzee Bigirimana, akiniita mwanangu kwa Kirundi, akakaa wima kwenye stuli. Alisema karibu saa nzima, Kiswahili na Kirundi vikipokezana, nami chini ya khanga niliandika. Alisimulia chemchemi, jiwe lenye ufa, mti walivyoutoa mche wake na kuubeba kwa zamu. Mteja mmoja aliingia kuulizia bahasha, nikamjibu kwa kichwa, vidole vikaendelea. Mahali fulani mzee alitaja idadi ya hatua, na Mama Goreti, aliyeshika tu kwamba imepita arobaini, akashusha pumzi akasema, "Ego, ndiyo, Mungu mkubwa." Hilo nililisikia. Idadi yenyewe ilipita. Baadaye nilihangaika na kichwa cha karatasi mpaka kikakaa sawa, MAELEZO YA SHAHIDI, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, nikasevu kwa jina BIGIRIMANA. Wino wa printa ulikuwa umekwisha. Mwingine ulikuwa unatoka Kigoma. Bi Rukia akawaambia waende, tutaichapa Jumatatu na kumfuata mzee nyumbani, asomewe kwanza ndipo aweke dole. Hakuna karatasi iliyotoka pale kwake bila mwenyewe kusomewa.

Jumamosi alikuja katibu wa kwaya, ana haraka, anataka barua ya mwaliko wa mazoezi aje kuichukua wino ukifika. Alisimama nyuma yangu akigongagonga kaunta kwa ufunguo. Nikatafuta kichwa kizuri cha kumvalisha, na kizuri kuliko vyote kilikuwa changu cha Alhamisi. Nikafungua BIGIRIMANA. Nikayatia maneno yote kivuli, nikayafuta kwa pigo moja, nikaandika habari za sare na saa ya mazoezi, nikabonyeza kusevu, nikafunga, nikazima. Sikuona kitu. Nilikuwa nafikiria wali, maana uani kulinukia nazi. Nimejaribu miaka yote hii kujikumbuka nikiwa na wasiwasi angalau kidogo dakika ile, na sikuwa nao.

Jumapili Bi Rukia alikwenda Buhigwe kwenye harusi, akaniachia funguo. Baada ya misa Mama Goreti akagonga dirisha la stoo. Alikuwa amekuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Mzee Bigirimana alianguka jana yake akitoka bafuni. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umekufa, na hasemi. Mganga wa zahanati amekataza asitikiswe. "Nimemwambia mwanawe Yona, mshukuruni Mungu tuliwahi," alisema, akanishika mikono yote miwili. "Ile karatasi sasa ndiyo kinywa chake. Mmeitunza?" Nikamwambia tumeitunza. Alipoondoka niliwasha kompyuta nipate tu kuiona, niridhike. Jina lilikuwepo, BIGIRIMANA. Nikabonyeza. Ikafunguka barua ya kwaya. Nikafunga nikafungua tena. Nikabonyeza Kontroli na Zedi, nikabonyeza mpaka kidole kikauma, lakini nilikuwa nimeshafunga tangu jana na hakukuwa na cha kutengua. Nikatafuta kila folda, kila diski kwenye droo. Niseme wazi: sikumwogopea Mama Goreti kwanza. Niliogopa kurudishwa Murungu.

Nikafanya nililoliona la akili. Nikatandaza khanga mikononi, nikafumba macho, nikaviachia vidole. Vikaenda. Sitii chumvi; vilikwenda, sentensi baada ya sentensi, jiwe lenye ufa, mche waliobeba kwa zamu, mpaka maneno ambayo sikujua kama ninayajua. Kisha vikafika "kutoka chemchemi hadi kwenye mti ni hatua" vikasimama. Nilianza upya mara nyingi, kila mara vinasimama palepale. Nilijua ni zaidi ya arobaini, kwa sababu Mama Goreti alishusha pumzi. Zaidi kiasi gani? Nikafikiri sabini, nikaona ni nyingi, mtu ataipinga. Nikaandika sitini. Ilionekana idadi ya mtu mwaminifu, asiye na tamaa. Nikasevu, nikafunika kompyuta kwa kitambaa chake, nikaenda kulala saa kumi na moja jioni na nguo zangu.

Jumatatu wino ulikuja, karatasi ikatoka nzuri. Jumanne tukaenda Muyama, Bi Rukia na mimi, na kisanduku cha wino wa dole mkobani mwangu. Mzee alilazwa chumba cha mbele, ukutani kalenda ya kanisa, na Yona, mwanawe, alikuwa anamfuta mdomo. Mama Goreti alikaa chini karibu na kitanda. Nikasoma kwa sauti. Mzee alinitazama kwa jicho moja lililofunguka sawasawa, na nilipofika kwenye jiwe lenye ufa lile jicho likajaa maji. Nikasoma: hatua sitini. Nikamaliza. Bi Rukia akaupaka wino mkono wa kushoto, ule mzima, na alipousogeza kwenye karatasi, mzee akakunja ngumi, dole gumba likaingia ndani.

"Baba, weka dole," alisema Yona. "Ni maneno yako."

Ngumi haikufunguka. Mama Goreti akaanza kumbembeleza kwa Kirundi, akiipapasa ile ngumi, wino ukimpaka vidole. Bi Rukia hakuitazama ngumi. Alinitazama mimi. "Msomee tena," alisema. "Polepole." Nikasoma tena, na sauti yangu ilipokaribia pale ilipungua yenyewe. Alikuwa ameulegeza mkono. Nilipotamka sitini akaukunja tena, na safari hii akatoa sauti kooni. "Domitila," alisema Bi Rukia, ambaye siku zote aliniita Domi, "hii ndiyo karatasi aliyoisema mzee?"

Nikaishusha karatasi. Kisha nikasema. Nikasema nilivyovalisha, nilivyosahau Sevu Azi, nilivyoandika upya kwa kukumbuka, na kwamba ile sitini ni yangu. Yona alitaka kunitoa nje. Mama Goreti aliinama akasema, "Basi nimekwisha," kwa sauti ya kawaida tu. Bi Rukia akaikunja karatasi mara nne. "Hii haina mwenyewe," alisema. Wakajaribu kumuuliza mzee: ni chini ya sitini, ni juu? Lakini alikuwa amechoka, akafumba jicho, na mkono ukawa unafunguka na kufumba kwa sauti yoyote ile. Hata angejibu, alisema Bi Rukia, Ladislaus atadai tumemjibia. Mzee aonyeshe mwenyewe, mbele ya wazee, la sivyo hakuna kitu. Yona akamfunika baba yake vizuri. "Tutambeba," akasema. Njiani kurudi Bi Rukia alitangulia mbele yangu mpaka tulipoyaona mabati ya Kasulu. Ndipo akasema kesho tunarudi, nami nitasimama mbele ya baraza niyaseme yale yale, na yeye atasimama pembeni yangu kwa sababu duka ni lake.

Nikasimama. Mvua ilikuwa ya manyunyu, wazee watano wamekaa chini ya mwavuli na turubai, nami nilieleza kompyuta kwa watu ambao wengi wao hawajaigusa, na waliielewa vizuri sana. Kisha wanaume wanne wakateremka na ingobyi, ile machela ya kusuka tunayobebea wagonjwa, mzee ndani yake, amefunikwa blanketi mbili, mkono wa kushoto juu. "Mnataka kumuua mzee kwa ajili ya kahawa?" alipaza sauti Ladislaus, na mimi moyoni niliona anasema kweli, na kwamba mzee akifia njiani nitakuwa nimemuua mimi. Mwenyekiti akamwambia mzee: ukifika ulipokuwa mti, inua mkono. Wabebaji wakaanzia chemchemi. Yona, mrefu kama baba yake, akatembea pembeni akihesabu kwa sauti.

Walikwenda polepole kwa sababu ya utelezi. Kwenye arobaini Ladislaus alikuwa amechomeka kijiti chake na amesimama nacho. Mkono haukuinuka. Wakapita. Mama Goreti alikuwa nyuma yao amejishika kichwa. Hamsini. Hamsini na tano. Nilikuwa nautazama mkono ule tu, umelala kwenye blanketi, kidole cha wino bado cheusi. Ilipofika sitini nilitamani auinue. Mungu anajua nilivyotamani, ili kosa langu liwe kosa lisilomdhuru mtu. Mkono ulikaa. Sitini na moja. Sitini na mbili. Wakaingia kwenye kahawa, matawi yakikwaruza ingobyi. Kwenye sabini na moja wakapita kaburi la Baba Goreti, kulia kwao, na wabebaji bila kuambiwa wakainamisha vichwa. Kwenye themanini na mbili mkono ukainuka, si juu sana, kiasi cha mtu anayeinua kikombe, ukabaki hewani ukitetemeka mpaka mwenyekiti aliposema umeonekana. Wakachimba hapo. Jembe la tatu likagonga mzizi mweusi, mnene kama paja la mtu, na Ladislaus akachukua kijiti chake akapanda mlima.

Mzee alirudishwa kitandani akiwa hai, akaishi mpaka maharage yalipovunwa. Hilo nililijua baadaye. Siku ile nilibaki peke yangu kwenye kahawa wakati wote wamezunguka shimo, kwa sababu sikujua nisimame wapi. Mama Goreti akaniona, akaja. Nilianza kumwomba radhi, akanizuia kwa kiganja.

"Jana," alisema, "ulipoisoma sitini, nilifurahi. Nilisema moyoni, nimepona." Akageuka akatazama kule tulikotoka, kwenye kaburi, kisha akanitazama mimi. "Ungenikata hatua ishirini na mbili, mwana wanje, na mume wangu ndani yake, na mimi ningekushukuru."